Aliyemlazia Mke Wangu Nyasi

Kama gazeti la wiki jana ulilifungia maandazi kabla hujasoma, nitakusaidia kwa ufupi.

Mimi ni Raimundi Kinunda, mkulima wa kahawa na maharage, mlimani juu ya mji wa Mbinga. Shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo usitegemee maneno ya kupamba. Mke wangu wa kwanza alifariki. Wa pili, Enelesi, ni nesi mstaafu kutoka Malawi, ng'ambo ya ziwa. Tulikutana Mbamba Bay akiuza vitenge, tukafunga ndoa kanisani, na anaishi hapa kwa kibali cha mke wa Mtanzania.

Kibali kinaisha mwezi huu. Ili kiongezwe wanataka kuona fedha. Ama yeye mwenyewe awe na kipato cha kumtosha, ama mume aonyeshe kwamba anaweza kumtunza. Zamani pensheni yake ilitosha. Kisha kwacha ya kwao ikaporomoka, pensheni ikabaki ya kununulia chumvi.

Ndipo nikagundua kuna mwanaume anayemjazia fedha kila mwezi. Anaitwa William, mdogo wa marehemu mume wake wa kwanza. Wiki jana niliwaacha ufukweni Mbamba Bay, William anashuka kwenye boti na godoro kichwani.

Wengi mmenipigia simu. Msomaji mmoja wa Ngumbo aliniambia, "Mzee Raimundi, mgeni anayekuja na godoro lake hajaja kusalimia." Huyo ndugu alinitoa neno mdomoni. Sasa sikieni yaliyofuata.

"Mkazi wanga!" William alipaza sauti kabla hata miguu haijagusa mchanga.

Kwa lugha yao hiyo ni "mke wangu." Na Kinyasa cha hapa na lugha yao ni ndugu, kwa hiyo ufukwe mzima ulielewa. Akina mama wa dagaa wakaangua kicheko.

Enelesi naye alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi hajawahi kunichekea hivyo.

"Baba Florian, usinune," akaniambia. Florian ni mwanangu mkubwa. "Huyu ni mlamu wangu, shemeji. Kwetu shemeji hutania."

"Hata kwetu hutania," nikasema. "Lakini hatanii na godoro."

William akalitua godoro, akanipa mikono miwili. "Achimwene! Ndugu yangu! Leo nimekuona."

Hapa pana jambo linaloniudhi mpaka leo. Yule mtu ni mkubwa kwangu. Mrefu, mvi zimemkaa vizuri, meno yote yapo. Adabu inataka nimwamkie. Shikamoo ikafika kooni, ikakwama kama mwiba wa samaki mbasa.

"Karibu," nikasema basi.

Enelesi alinikata jicho.

Njia nzima ya kupanda mlima walikaa kiti kimoja garini wakizungumza lugha yao. Mimi nilikaa nyuma na godoro.

Tulipofika nyumbani nikamwonyesha William chumba cha kuhifadhia kahawa. "Utalala humu. Weka godoro lako."

"Langu?" akacheka. "Godoro ni lenu, achimwene. Mlamu mgongo unamsumbua tangu Krismasi. Aliniambia kwenye simu."

Tangu Krismasi. Mimi ninayelala naye kitanda kimoja nilikuwa sijui.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza Enelesi pembeni.

"Nilikuambia. Ulisema nimezidi kulala."

Godoro likawekwa kitandani kwetu. Mimi nikatandika mkeka sakafuni.

"Utalala chini kwa sababu ya sponji, Baba Florian?"

"Sponji ya mwanaume," nikamjibu.

Asubuhi mgongo uliokuwa unauma ulikuwa wangu. William alikuwa ameshaamka, amechota maji, amepasua kuni, na anaimba. Sijui ni mtu gani mwema anayeimba kabla ya chai.

Tukakaa mezani. Enelesi akaanza mambo ya kibali.

"Yule dada wa uhamiaji amesema atakuja mwenyewe kuona tunavyoishi. Na anataka kuona fedha."

"Fedha ipo," William akasema. "Nina kiinua mgongo changu cha shamba la chai. Nitaandika kwamba mimi ndiye ninayemtunza mlamu."

Niliweka kikombe chini. "Mke wangu utamtunza wewe?"

"Kwenye karatasi tu, achimwene."

"Na ndoa yangu iko wapi? Si iko kwenye karatasi?"

"Baba Florian, sikiliza kwanza," Enelesi akasema. "Fedha haitoshi kuwepo tu. Lazima iwe ime..."

Sikungoja amalize. Nilishavaa koti.

"Unakwenda wapi? Maharage je? Nyasi utakata lini?"

"Nikirudi."

"Hiyo nikirudi naisikia tangu mwanzo wa mvua!"

Kwa msomaji asiyetoka mlimani, nieleze hizo nyasi. Sisi Wamatengo tunalima ngolo, mashimo ya kushika maji kwenye miteremko. Mwanaume anafyeka nyasi, zikinyauka anazilaza chini kwa mistari inayokatana, zinakuwa kama madirisha. Mwanamke anachimba katikati ya kila dirisha, udongo anaumwaga juu ya nyasi. Pale juu ndipo maharage yanapopandwa. Mwanaume analaza, mwanamke anafukia. Ndivyo ilivyokuwa kwa babu, ndivyo ilivyo leo.

Shamba la Enelesi lilikuwa bado pori. Mimi nilikuwa na kazi kubwa zaidi, kazi ya kuona wivu.

Nikaenda moja kwa moja hadi Mbinga mjini kwa Nicholaus, mnunuzi wa magoma. Magoma ni kuuza kahawa ikiwa bado mbichi mtini, kwa bei ya huruma. Imekatazwa, kila mtu anajua, na bado mtu akibanwa anajua mlango wa kugonga.

"Una shida gani, Raimundi?" Nicholaus akaniuliza. "Una mgonjwa?"

"Mke wangu."

"Pole. Anaumwa nini?"

"Haumwi. Anatunzwa."

"Anatunzwa na nani?"

"Ndiyo shida yenyewe."

Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akataja bei yake, na mimi nikakubali bila kubishana. Kahawa yangu yote ya mwaka huu, kabla haijawa nyekundu. Nilijua naibiwa. Nilijua na Florian anangoja ada. Lakini kichwani nilimwona William anaimba jikoni kwangu.

Fedha nikaipeleka benki siku ileile. Nikaomba karatasi ya kuonyesha akaunti yangu. Ilipotoka nikaikunja, nikaitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Ningeweza kurudi jioni hiyo. Sikurudi. Nililala kwa binamu yangu kwa makusudi, ili Enelesi anikose kidogo. Nilitaka akae mlangoni akitazama njia. Mwanaume mwenye wivu huwa na akili ya kuku, ananyamaza kwenye yai ili watu wamtafute.

Kesho yake, saa za mchana, nilipanda mlima kifua mbele. Kabla ya nyumbani nikakutana na Bibi Beatha, jirani yetu, mkongwe kuliko wote kitongojini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu Raimundi. Mwaka huu umenifurahisha."

"Kwa lipi?"

"Kwa nyasi. Umelaza vizuri, mistari imenyooka kama kamba. Sikujua mkono huo unao."

Nikasimama. "Bibi, mimi sijalaza nyasi."

Bibi Beatha akafungua mdomo, akaufunga. Akajifunika na khanga.

"Basi nimeona vibaya," akasema. "Macho ya uzee."

Macho ya uzee yale yanaona kunguru akitua Kihagara, kule ziwani. Nikakimbia.

Hakuwa ameona vibaya. Shamba la mke wangu lilikuwa limefyekwa lote. Nyasi zimelazwa kutoka juu ya mteremko hadi chini, madirisha yamepangana, hakuna lililopinda. William alikuwa anamalizia kona ya mwisho, shati amelivua. Enelesi amekaa kwenye jiwe, jembe mapajani, anamwelekeza kwa kidole.

"Nani amekutuma?" nikapiga kelele.

"Achimwene, umerudi!" Alikuwa na furaha ya kweli, na hilo liliniuma zaidi. "Mvua inakaribia kuisha. Maharage yangechelewa. Mlamu alinionyesha mstari mmoja tu, nikashika."

"Enelesi! Unajua maana ya hii?"

"Maana yake tutakula maharage."

"Unajua mtu anayemlazia mwanamke nyasi ni nani?"

"Ni mtu mwenye fyekeo," akanijibu. "Mimi ni mtu wa kuja, Baba Florian. Mlinifundisha kufukia. Hakuna aliyenifundisha nani anaruhusiwa kulaza."

Bibi Beatha alikuwa amenifuata pole pole, mkongojo mkononi. Wazee hawakosi msiba.

"Mama Enelesi," akasema, "umeshafukia hata dirisha moja?"

"Bado, Bibi. Mgongo."

"Afadhali. Sikiliza, mwanangu. Huku kwetu mume hulaza, mke hufukia. Ukifukia nyasi za mtu, umemkubali. Mimi marehemu mzee wangu hakunitumia barua ya posa. Alikuja shambani kwa mama yangu akalaza nyasi, mimi nikachukua jembe. Jioni pombe ikapikwa."

William akaokota shati lake, akalishika mkononi bila kulivaa.

Nilitegemea Enelesi ashtuke, aseme, "Mungu wangu, sikujua." Yeye alizitazama nyasi kama mtu anayesoma.

"Kumbe," akasema. Neno moja tu.

Hilo "kumbe" ndilo lililonitoa akili.

Niliingia shambani nikaanza kung'oa. Nilizoa nyasi kwa mikono, nikazirusha juu, nikazipiga mateke. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. William akaja nyuma yangu akiziokota na kuzirudisha.

"Achimwene, kama hutaki kulaza, basi usitupe!"

"Toka shambani kwangu!"

"Ni shamba la mlamu!"

"Ni mke wangu!"

"Basi mtendee kama mke!"

Alipolisema hilo hakuwa anatania. Nilimgeukia. Uso wake haukuwa wa shemeji.

"Hodi humu," ikasikika sauti barabarani.

Alikuwa binti wa miaka kama thelathini, amevaa sare, anashuka kwenye bodaboda. Akashika njia ya shamba, akatuangalia. Mzee mmoja anapanga nyasi kwa adabu. Mwingine amejaa nyasi kichwani kama kiota.

Akaenda kwa yule anayepanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," William akaitikia, kama mwenye mji.

"Naitwa Tumsifu, natoka uhamiaji. Nimekuja kuona makazi ya Mama Enelesi. Samahani kukukuta na kazi zako, Mzee Kinunda." Kisha akanionyesha kwa kidole. "Na huyu anayekuvurugia shamba ni nani? Mnagombania mpaka?"

"Mzee Kinunda ni mimi!" nikasema. "Mume ni mimi!"

Tumsifu akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Kisha akageuka kwa Bibi Beatha, maana Bibi pekee ndiye aliyekuwa ametulia.

"Shikamoo, Bibi. Nisaidie. Mume wa mama huyu ni yupi kati ya hawa?"

Bibi Beatha hajawahi kusema uongo, na siku hiyo nilimchukia kwa hilo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Unauliza wa kanisani au wa shambani?"

"Kwani wako wawili?"

"Wa kanisani ni huyu mwenye nyasi kichwani. Wa shambani bado hajafukiwa."

Tumsifu ni mtu wa Kilimanjaro. Ngolo anaziona tu akiwa njiani. Akafungua daftari lake, akakosa cha kuandika, akalifunga tena.

Nikaona niwahi. Nikachomoa karatasi yangu ya benki, nikaikunjua mbele yake.

"Binti, hayo ni ya bibi kizee. Wewe unataka fedha. Fedha hii hapa. Mke wangu namtunza mimi."

Akasoma. Nilingoja uso wake ulainike. Ukakunjamana.

"Mzee, fedha hii imeingia jana."

"Ndiyo. Bado ya moto."

"Na kabla ya jana akaunti ilikuwa tupu."

"Kabla ya jana sikuwa na hasira."

"Sisi hatutaki iliyoingia, mzee. Tunataka iliyokaa. Ya miezi. Mtu anaweza kuazima fedha leo, kesho akairudisha. Mama hakukueleza?"

"Nilianza kumweleza," Enelesi akasema kutoka kwenye jiwe. "Akavaa koti."

Kahawa yote. Kila mti, kila punje, mpaka ile iliyo nyuma ya choo. Nimeuza mwaka mzima ili kununua karatasi isiyofaa hata kufungia maandazi.

"Fedha umeitoa wapi?" Enelesi akaniuliza taratibu.

Nikaanza kuikunja upya ile karatasi.

"Raimundi. Umepiga magoma?"

Tangu anioe, samahani, tangu nimwoe, hajawahi kuniita jina langu tupu. Nikatazama chini. Akajua.

"Na ada ya Florian?"

Nikaanza kutoa nyasi kichwani, moja moja.

William naye alikuwa ameshatoa karatasi zake kwenye mkoba. Zilikunjwa vizuri. Alizitoa bila kujivuna, na ningependa sana angejivuna. Tumsifu akazisoma moja moja.

"Hizi zimekaa," akasema. "Mzee huyu ametuma kila mwezi, bila kukosa."

"Basi si mmeona?" William akasema. "Mpeni mlamu kibali."

"Si rahisi hivyo, mzee wangu. Mama anaishi hapa kama mke wa Mzee Kinunda. Nikiandika kwamba Mzee Kinunda hamtunzi, na anayemtunza yuko Malawi, wakubwa wangu watauliza swali moja tu: kwa nini asitunzwe hukohuko kwao?"

Hapo hakuna aliyecheka. Hata Bibi Beatha alishusha khanga.

Nilimwangalia William. Nilitaka nione kama amefurahi. Aliangalia upande wa ziwa, ambalo huku mlimani halionekani, lakini kila mtu anajua liko wapi.

"Binti," nikasema, na sauti haikuwa yangu, "huyu mama akiondoka mimi nitakuwa mtu gani?"

"Kazi yangu si kuvunja nyumba za watu," Tumsifu akasema. "Nina nafasi ndogo ya kuandika maoni yangu. Nikiona ndoa ni ndoa kweli, naweza kuomba mpewe muda mfupi mjipange. Lakini nimefika nimekuta mmoja anajenga na mwingine anabomoa, na aliyekuwa anajenga siye niliyeambiwa. Kwa hiyo sitaki tena karatasi, na sitaki tena maneno ya wanaume." Akamgeukia Enelesi. "Mama, niambie wewe. Mume wako ni yupi?"

Enelesi akainuka kutoka kwenye jiwe. Alijishika mgongo. Wote wawili tulitaka kwenda kumshika mkono, na wote wawili akatuzuia kwa macho.

"Mimi ni nesi," akasema. "Maneno ya wagonjwa siyaamini mpaka nione. Nawe usiyaamini yangu, mwanangu. Nitakuonyesha."

Akachukua jembe.

Nikaelewa kabla ya wengine. Sehemu ya juu ya shamba nilikuwa nimeivuruga yote, hakuna kilichobaki cha kufukia. Sehemu ya chini ilikuwa nzima, mistari ya William, imenyooka. Nyasi zangu zilikuwa wapi? Nyasi zangu zilikuwa bado zimesimama nyuma ya nyumba, zinacheza na upepo, zinangoja nirudi.

Nikaanguka magotini. Nikaanza kuzikusanya zile nilizozitupa, nikazilaza kwa mikono. Haraka, bila kamba, bila kupima. Mstari mmoja, wa pili ukate wa kwanza. Dirisha langu lilipinda kama njia ya mlevi. Nikatengeneza jingine, nalo likapinda upande wa pili.

"Raimundi, mwanangu," Bibi Beatha akanong'ona, "pumua."

Nilisikia hatua za Enelesi zikiteremka. Nikainua kichwa.

Alikuwa amesimama kwenye mpaka wa mimi na William. Mguu wa kushoto umegusa dirisha langu lililopinda, mguu wa kulia umegusa lake lililonyooka. William hakuimba. Tumsifu alikuwa ameshika kalamu. Nikaita, "Enelesi!" Hakugeuka.

Akatema mate kwenye viganja, akashika mpini, na jembe likapanda juu. Lilishukia dirisha la nani, usilifungie maandazi gazeti la wiki ijayo.